Imla ya Saa Tisa

Saa moja na dakika tano asubuhi, Jumatatu, skrini ya wodi ya watoto iliandika sentensi moja mbele ya jina la kila mgonjwa: Hana madawa kwa saa hii. Muuguzi wa zamu aliitazama mara mbili. Watoto kumi na tisa, na hata mmoja hana kidonge cha kumeza? Lakini skrini ile ilikuwa imefanya kazi mwaka mzima bila kumwangusha, naye alikuwa na mashuka ya kubadilisha na mzazi mmoja wa kutuliza, basi akaiamini. Saa moja na nusu, binti wa miaka sita mwenye kifafa, kitanda cha tisa, akaanza kutetemeka mikono, kisha mwili mzima.

Saa tatu kasoro robo, katika jengo la ofisi upande wa pili wa mji, Mpimaji alikuwa amesimama mbele ya meza ya Bosi huku mkoba wake ukiwa bado begani. Kazi yake ilikuwa kupima programu kabla hazijaenda kwa watu. Alikuwa mwanamke wa makamo, mwenye tabia ya kuchezea kifuniko cha kalamu, akikifungua na kukifunga mpaka walio karibu wakereke. Asubuhi hiyo alikifungua na kukifunga na hakuna aliyemwambia kitu.

"Faili lililoharibu skrini liliingia Ghalani Ijumaa, saa tisa na dakika arobaini alasiri," Bosi alisema. "Limeingia kwa ufunguo wa Treni. Ufunguo wa Treni anautunza nani?"

"Shemeji," Mpimaji alisema.

"Shemeji yako. Mume wa mdogo wako. Uliyeniletea wewe mwenyewe kwa mkono wako." Bosi hakupandisha sauti, na hilo lilikuwa baya zaidi. "Hospitali wamezima skrini zote, wodi kumi na moja zimerudi kwenye karatasi. Wanasema hawaziwashi mpaka wajue ni mkono wa nani uliingia mle. Saa kumi jioni natuma taarifa yenye jina. Nimelifunga Ghala, wa kulifungua ni wewe peke yako. Niletee jina lingine. Usiponiletea, litakwenda hili nililo nalo, na mwenye jina hatakanyaga tena hapa."

"Na yule mtoto?"

"Yuko hai. Hajazinduka sawasawa."

Mpimaji alitoka. Simu yake ikatetemeka. Mdogo wake alikuwa ameandika: Baba mtoto kaondoka bila kunywa chai, hasemi kitu. Kuna nini huko kazini? Aliandika jibu, akalifuta, akaandika lingine, akalifuta nalo. Mwisho akatuma: Nitakupigia.

Asiyefanya kazi ile anahitaji kuelezwa kidogo. Kampuni yao ilitengeneza programu mbili za hospitali. Ya kwanza, Wodi, ndiyo skrini anayoitazama muuguzi. Ya pili, Duka, inakaa kwenye stoo ya dawa na ndiyo inayojua nani anapewa nini. Wodi huuliza, Duka hujibu. Ili zisije zikapishana, huwekwa faili la mkataba: nitauliza hivi, nategemea kujibiwa hivi. Faili hilo haliandikwi na mtu. Huzalishwa na mtambo ambao ofisi nzima iliuita Treni, kwa kuwa kazi ya kila mmoja hupanda humo na kupita vituo vinne: kujenga, kupima, kuzalisha mkataba, kuuchapisha. Mkataba ukichapishwa kwa ufunguo wa Treni, yaani neno lake la siri, hulala Ghalani, hifadhi ya mikataba yote. Duka huchukua mkataba mpya kabisa, hujipima nao, na likifaulu ndipo huruhusiwa kwenda hospitalini. Mtu kuandika mkataba kwa mkono wake ni sawa na mtahiniwa kujisahihishia mtihani.

Alimkuta Shemeji kwenye meza yake, amejikunyata, macho mekundu. Kijana huyu alikuwa fundi wa Treni, mcheshi wa kutaniwa na kutania, lakini leo hata salamu ilimtoka kwa shida.

"Shem, mimi sijaweka faili lolote."

"Ijumaa saa tisa na dakika arobaini ulikuwa wapi?"

"Nilikwisha ondoka. Nilitoka saa nane. Kliniki, mtoto, chanjo."

"Ufunguo wa Treni umempa nani?"

"Hakuna." Alisema haraka mno, akatazama chini ya meza kana kwamba ameangusha kitu.

Mpimaji hakubishana naye. Alishuka ngazi mpaka kwa mlinzi wa mlangoni, akaomba daftari la kutoka na kuingia. Ijumaa, mstari wa ishirini na mbili, saini ya Shemeji ilikuwa pale kwa wino wa bluu: ametoka saa kumi na dakika tano. Alisoma mstari ule mara tatu. Akamrudishia mlinzi daftari lake, akapanda ngazi taratibu, na katika kila ngazi hasira na woga vilikuwa vinapokezana. Shemeji yake alikuwa amemdanganya macho makavu.

Mlangoni pa chumba cha Wodi alikutana na Mwalimu. Ndivyo walivyomwita wote, kwa sababu kabla ya kompyuta alishika chaki miaka kumi na minne, na chaki haikuwahi kumtoka mikononi. Alikuwa kiongozi wa kikundi cha Wodi, na kulikuwa na fununu kwamba mwisho wa mwezi angepewa mafundi wote. Yeye ndiye aliyemfundisha Mpimaji kazi, miaka minane iliyopita, akiketi naye bega kwa bega bila kuchoka. Alipomwona alimvutia kiti.

"Keti, binti. Umepauka."

"Nina masaa sita tu, Mwalimu."

"Saa sita."

"Saa sita ndiyo mchana."

"Msikilizaji mwenye akili atajua unamaanisha nini." Alitabasamu kidogo, kisha tabasamu likafutika. "Samahani. Si siku yake. Mtoto yule vipi?"

"Hajazinduka. Niambie kuhusu Wodi."

"Wodi haijaguswa tangu mwezi uliopita. Skrini iliyoko hospitalini ni ileile. Dawa zote zilikuwa zinafika, kila asubuhi, mpaka Duka lilipoguswa. Ningekuwa wewe ningeanzia huko Dukani."

"Lakini ulikuwa unaandaa mabadiliko. Ile sehemu ya mzio."

"Ndiyo. Daktari ajue mgonjwa nini kinamdhuru. Niliwaahidi hospitali kwamba Duka litakuwa tayari kuijibu leo, halafu sisi tufuate. Nilipandisha kazi kwenye Treni Ijumaa mchana. Ikaishia njiani, ikawa nyekundu."

"Ukafanya nini?"

Mwalimu alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya shati. "Nilisubiri, kama anavyosubiri kila mtu. Fundi hakuonekana."

Mpimaji alimshukuru na kwenda kwenye meza yake. Alifungua Ghala, akaweka mkataba wa zamani upande wa kushoto na ule wa Ijumaa upande wa kulia. Ilikuwa saa tano na robo. Alitoa daftari lake dogo, akaanza kuandika.

Faili la Ijumaa lilijitambulisha kuwa limezaliwa na safari namba 412. Alifungua kumbukumbu za Treni. Safari 412 ilianza saa tisa kamili, ikafa saa tisa na dakika tano, kituo cha pili, diski imejaa. Mikataba huzaliwa kituo cha tatu. Safari iliyokufa kituo cha pili ingewezaje kuzaa kitu kituo cha tatu?

Halafu akatazama mpangilio. Treni hupanga majina kwa alfabeti daima, haijui namna nyingine: jina, kipimo, mzio, saa. Hapa ilikuwa jina, kipimo, saa, mzio. Mtu alikuwa ameongeza kitu kipya mwishoni, kama mtu yeyote anayeandika kwa mkono. Mpaka hapo aliona picha vizuri: kuna aliyeandika faili hili kwenye kompyuta yake, akaliita 412, akalisukuma Ghalani kwa ufunguo wa Treni.

Kisha akaona kilichowanyima dawa watoto. Mkataba wa zamani ulisema: Wodi inaomba madawa yote ya mgonjwa, na orodha ya jibu iliitwa madawa. Neno hilo liliwekwa na mtu wa kwanza kabisa kuandika programu ile, nalo likasambaa kila mahali mpaka kwenye skrini ya muuguzi. Mkataba wa Ijumaa ulisema: Wodi inaomba dawa zote za mgonjwa. Orodha iliitwa dawa. Duka likajirekebisha, likaanza kutuma orodha yenye jina jipya. Skrini ya wodini ikaendelea kutafuta madawa, haikuyaona, ikatangaza kwamba hayapo.

Silabi moja. Mpimaji alikaa akiiangalia, kifuniko cha kalamu kikilia kati ya vidole vyake.

Chapuchapu, kama ofisi ilivyomwita, alikuwa mama wa Duka, mwenye kuitunza programu ile, mwembamba, mwepesi wa mikono na wa maneno, na alipoitwa alikuja na kikombe chake.

"Najua mnanisubiri mimi," alisema kabla hajakaa. "Ndiyo, nimebadilisha Duka. Ijumaa saa kumi na moja nimekuta mkataba mpya Ghalani. Unataka mzio, nikaweka mzio. Unataka jina la orodha libadilike, nikabadilisha. Dakika ishirini. Treni ikanipa kijani, Jumatatu saa kumi na mbili Duka likaenda lenyewe. Dada, mkataba ukisema, mimi nafuata. Kazi yangu si kuuliza kwa nini."

"Hukushangaa jina kubadilika baada ya miaka yote hiyo?"

"Nilishangaa. Ila ilikuwa Ijumaa." Akanywa kidogo. "Na mimi naulizwa, mbona yule aliyetuma hayo madawa yasiyo madawa haulizwi?"

"Ndiye ninayemtafuta. Hili la jina usimwambie mtu mpaka nikuruhusu."

"Sina wa kumwambia. Hapa kila mtu ananitazama kama mwizi."

"Ijumaa saa tisa ulimwona Shemeji?"

"Nani amwone? Mwalimu alizunguka ghorofa nzima akimtafuta, mara jikoni, mara kwenye ngazi, mpaka nikamwonea huruma. Shemeji yako alikuwa kayeyuka."

"Ufunguo wa Treni umewahi kuushika?"

Chapuchapu aliweka kikombe chini. "Si ulikuwa kwenye bahasha? Mwezi uliopita, alipokwenda likizo ya uzazi, tulipokezana zamu ya Treni mimi na Mwalimu. Bahasha ilikaa kwenye droo. Si alisema akirudi ataubadilisha? Kwani hakuubadilisha?"

Sasa waliobaki ni watatu. Mpimaji aliona aibu kwa jinsi alivyotamani awe Chapuchapu. Kwa huyu hakuwa na undugu wala deni la fadhila, na alikuwa mtu wa njia za mkato, kila mmoja alijua. Ingekuwa rahisi sana. Mdogo wake alituma ujumbe mwingine: Nakuomba unijibu. Nje ya dirisha mtu alikuwa anapiga honi bila kukoma, na Mpimaji alishindwa kukaa, akatembea kutoka meza hadi mlango na kurudi, mara nne, mara tano.

Maisha yake yote ya kazi alikuwa amesaka makosa ya watu, na makosa ya kuandika aliyajua kwa sura. Kidole kikiteleza, herufi hudondoka. Mwandishi mwenye haraka angeweza kuacha ma na kuandika dawa. Lakini angeacha na yote ya palepale yalipokuwa: dawa yote ya mgonjwa. Huyu hakuacha. Alitoa ma, akageuza yote kuwa zote, akageuza ya kuwa za. Maneno matatu yamehama pamoja. Mkono haukuteleza hata kidogo. Ulikuwa unajua sarufi.

Wazo lililomjia alilisukuma mbali. Kwanza, alijiambia, nijue alikokuwa Shemeji.

Saa saba na nusu aliingia chumba cha seva, zile kompyuta zinazoendesha Treni, mahali pekee ambapo fundi angeweza kujificha. Kilikuwa chumba kisicho na dirisha, chenye baridi na mvumo, makabati marefu yamejipanga safu mbili. Nyuma ya safu ya pili kulikuwa na maboksi yaliyopasuliwa na kutandazwa sakafuni, urefu wa mtu mmoja. Juu yake palikuwa na kijiblanketi cha njano kilichokunjwa mara nne, kama mto. Mpimaji alikiinua. Alikinunua mwenyewe, dukani, siku mtoto wa mdogo wake alipozaliwa.

Alimwita Shemeji, akamwonyesha. Kijana alikaa palepale juu ya boksi, akashika tama.

"Mtoto halali, shem. Miezi miwili. Mdogo wako analia, mtoto analia, na mimi karibu nilie. Ijumaa nilisema nijinyooshe dakika kumi. Nimeamka saa kumi, nikafuta mafaili yaliyojaza diski ya Treni, nikaondoka mbio."

"Kwa nini umeniambia saa nane?"

"Ningesemaje? Kwamba umenitafutia kazi nikaja kulala?"

"Hukusikia chochote?"

"Nilisikia kitasa. Saa tisa na kitu. Mtu anajaribu mlango, anaita, fundi, fundi, uko humo? Nilikuwa nimefunga kwa ndani. Nikanyamaza."

"Nani?"

"Mwalimu. Sauti yake nani asiijue?"

"Na ufunguo? Uliporudi likizo uliubadilisha?"

Shemeji alitikisa kichwa bila kuinua macho. "Kila siku nilisema kesho. Ndiyo maana nimesema sijampa mtu. Niliona nikitaja bahasha nimekwisha."

"Umekaribia kwisha kwa kutoitaja," Mpimaji alisema. Hasira ilikuwa imemwisha, na mahali pake pameingia huzuni. Alikunja kijiblanketi, akakitia mkobani.

Hapo alikwisha jua, na kujua kulimchoma. Lakini kumtafuta fundi si kosa, na kujua sarufi hakufungi mtu. Mwalimu angesema hapana, na neno lake lingekuwa na uzito kuliko la kijana aliyelala kazini. Ilikuwa saa nane na dakika ishirini. Alirudi kwenye meza yake, akachana karatasi nne kutoka kwenye daftari kubwa.

Saa tisa kamili walikuwa wote kwenye chumba cha mikutano: Bosi mwisho wa meza, Chapuchapu na kikombe chake, Shemeji karibu na mlango, Mwalimu ameweka kalamu zake mbili sambamba, ya bluu na nyekundu. Mpimaji aligawa karatasi.

"Hospitali wanataka maelezo ya kila mmoja kwa mwandiko wake," alisema. "Nitasoma sentensi, mnaiandika neno kwa neno kama ninavyoisoma, mnaweka saini. Na wewe Bosi."

"Imla," Mwalimu alisema, na kwa mara ya kwanza siku hiyo alionekana ametulia kidogo. "Miaka mingapi sijafanyiwa imla."

Mpimaji alisoma polepole, akirudia kama Mwalimu mwenyewe alivyokuwa akiwasomea watoto wa watu. "Ninathibitisha kwamba, siku zote nilizofanya kazi hapa. Siku zote nilizofanya kazi hapa. Wodi inaomba madawa yote ya mgonjwa. Wodi inaomba madawa yote ya mgonjwa. Nalo Duka hujibu. Nukta."

Kalamu zilikwaruza. Alikusanya karatasi moja baada ya nyingine, akazipanga mezani zikimwelekea Bosi.

"Faili la Ijumaa halikutoka kwenye Treni. Liliandikwa kwa mkono, saa tisa na dakika arobaini, na mtu aliyekuwa na ufunguo tangu zamu za mwezi uliopita. Wenye ufunguo walikuwa watatu. Aliyeandika alibadilisha jina la orodha, ndiyo maana skrini haikuona kitu. Hakukusudia. Nadhani mpaka dakika hii hajui kwamba alibadilisha." Akaweka kidole kwenye karatasi ya kwanza. "Bosi umeandika madawa yote ya mgonjwa. Chapuchapu, madawa yote ya mgonjwa. Shemeji, madawa yote ya mgojwa, umekula herufi." Akahamisha kidole. "Mwalimu, nimesoma mara mbili. Tafadhali soma ulichoandika."

Mwalimu aliivuta karatasi, akavaa miwani. Alisoma kwa sauti mstari wa kwanza. Mstari wa pili alianza, "Wodi inaomba," akanyamaza.

"Ni mwandiko wako?"

"Ni wangu."

"Ndivyo lilivyo na faili la Ghalani. Dawa zote za mgonjwa. Neno kwa neno."

Mwalimu akavua miwani na kuiweka mezani, na uso wake ulikuwa wa mzee kuliko asubuhi.

"Nilikiri moyoni tangu saa tatu," alisema. "Lakini nilikiri kosa dogo. Nilijua nimechapisha kwa mkono. Nilijua si halali. Nilijiambia, faili langu ni lilelile, nimeongeza mzio tu, kilichoharibu ni kitu kingine huko Dukani. Naapa niliamini hivyo."

"Kwa nini hukusubiri Treni itengenezwe?" Bosi aliuliza.

"Nilimtafuta fundi ghorofa nzima. Nikagonga hadi chumba cha seva. Hospitali nimewaahidi Jumatatu, na tangu niache chaki sijawahi kuvunja ahadi ya tarehe hata moja. Mnajua mnanisemaje huko nje? Mwalimu hachelewi. Na mwisho wa mwezi mlikuwa mnanipa mafundi wote. Nikaona aibu kwenda kwenu na Treni nyekundu." Alimgeukia Mpimaji. "Niliandika lote upya. Sikunakili. Nilijua mkataba ule kwa moyo, nikauandika kwa moyo, na moyo wangu haujui neno madawa. Miaka kumi na minne nimelikata kwenye madaftari ya watoto."

"Asubuhi uliponiambia nianzie Dukani," Mpimaji alisema, "Shemeji alikuwa na saa sita za kubaki na kazi. Ana mtoto wa miezi miwili. Ulijua."

"Nilijua."

"Na mimi ulinifundisha wewe. Somo la kwanza ulilonipa ni kwamba mkataba hauguswi na mkono."

Chapuchapu, ambaye siku zote alikuwa na neno, alitazama ndani ya kikombe chake. Shemeji akasimama karibu na mlango, akakohoa, akasema kwamba na yeye alilala kazini Ijumaa na ufunguo hakuubadilisha, na kama kuna barua ya onyo basi yake iandikwe. Bosi alimwambia akae, itaandikwa.

Simu ya Bosi ikaita. Alikuwa muuguzi mkuu. Bosi alisikiliza, akasema ndiyo, ndiyo, kisha akaifunika simu kwa kiganja. "Mtoto wa kitanda cha tisa amezinduka. Anauliza viatu vyake viko wapi."

Mpimaji akakaa chini ghafla, na machozi yaliyokuwa yakimsumbua tangu asubuhi yakamtoka mbele ya wote. Hakujali. Alitoa simu, akamwandikia mdogo wake: Baba mtoto yuko salama. Nina blanketi lenu.

Mwalimu aliivuta tena karatasi yake. Akachukua kalamu nyekundu, akazungushia duara dawa, akazungushia zote, akazungushia za, na juu ya kila duara akaandika neno lililosomwa. Mwandiko wake haukuyumba. Juu kabisa ya ukurasa, pale walimu wanapoweka alama, akaandika sifuri. Kisha akaisukuma karatasi hadi mbele ya Bosi.

"Taarifa yako iende na hii," alisema. "Na huyo muuguzi nipe nizungumze naye mwenyewe."

Bosi akairudisha simu sikioni. "Tumempata," alimwambia muuguzi. "Yuko hapa, atazungumza na wewe. Mkataba utapita kwenye Treni upya, tunapima mbele ya macho ya wote. Mtakuwa na skrini zenu ndani ya masaa mawili."

Mwalimu alikuwa tayari amenyoosha mkono kuipokea simu. Aliposikia masaa alifungua mdomo, akautazama mkono wake ulioshika kalamu nyekundu, akaufunga mdomo.